Mchoro Nyuma ya Msumeno

Kila akitoka shule, Chiriku alipitia karakana ya mama yake, akatua mkoba na kushika ufagio. Walimwita Chiriku kwa kusema sana, lakini wiki hiyo hata yeye alikuwa kimya. Karakana nzima ilikuwa hoi. Mafundi wanne tu, na jeshi linataka machela mia moja za kubebea majeruhi.

Jeshi lilikuwa limewaletea mwalimu wa utaratibu. Kila kinachotakiwa kiandikwe, kipimwe, kisha aliyekipima atie sahihi. Mafundi walimbandika jina la Bibi Daftari.

"Miaka ishirini nakata chuma bila daftari," alinung'unika Mjomba, mwenye msumeno.

"Na miaka ishirini hujui futi yako iko wapi," mama alimjibu. Wakacheka kichovu.

Jumatatu jeshi liliongeza urefu wa mipini ya machela kwa sentimita nne, ili askari aliyevaa glavu apate pa kushika. Bibi Daftari alimpa Chiriku michoro minne mipya ya vipimo.

"Mwanangu, bandua yote ya zamani, ubandike hii. Ukimaliza, tia sahihi hapa."

Chiriku alibadilisha mitatu. Wa nne ulikuwa juu, nyuma ya msumeno. Ngazi nzito, miguu inamuuma. Nitaubandua kesho, akawaza. Akatia sahihi.

Kesho yake aliukuta msumeno unanguruma. Mjomba alikuwa ameinua macho ukutani, anasoma vipimo. Vya zamani! Wakaguzi wa jeshi wangekuja Ijumaa, na wakikuta mipini mifupi, kazi ingepelekwa kwingine. Akinyamaza, lawama ni za Mjomba. Nani asiyejua kwamba hapendi daftari?

"Mjomba, zima! Zima!"

Msumeno ukanyamaza. Mama akaja mbio, mkono kiunoni.

"Huo mchoro ni wa zamani," Chiriku alisema huku machozi yakimlengalenga. "Sikuubandua. Nilichoka, nikatia sahihi hivyo hivyo."

Mama aliketi juu ya rundo la mabomba. Chuma kikishakatwa hakirefuki. Bibi Daftari akainama, akahesabu yaliyokwisha kukatwa: mabomba kumi na moja. Akayapima, akafungua daftari lake, akapima tena.

"Miguu ya machela ni mifupi kuliko haya. Tutayakata yawe miguu. Ambayo hayajakatwa yanatosha mipini." Kisha akamgeukia Chiriku. "Kuchoka si kosa, mwanangu. Sote tumechoka. Ungeniambia, 'Bado mmoja,' ningekushikia ngazi. Sahihi ni neno lako kwa mtu usiyemwona, yule atakayelala juu ya machela hii. Yeye hawezi kuja kupima."

Chiriku akafuta sahihi yake ya uongo kwa mstari mmoja. Mjomba alikuwa tayari ameegemeza ngazi ukutani.

"Panda, Chiriku, nimeshika. Ukishuka, unipe na mimi hiyo kalamu, nitie sahihi."