Kuni za Mzee Jayanti

Kila asubuhi kabla ya kengele ya shule, Akiru alipitia duka la Mzee Jayanti mjini Lodwar kumchukua rafiki yake Hetal. Verandani palikuwa na pipa la maji na kikombe cha bati kilichofungwa kwa mnyororo. Hakuna aliyepita pale akaondoka na kiu yake. Hata mchungaji wa mbuzi aliyeteremka kutoka Lokitaung alijua pa kusimama, na hakuulizwa jina wala kabila. Pipa hilo lilikuwapo kabla mama yake Akiru hajazaliwa.

Mzee Jayanti, babu yake Hetal, aliuza misumari na mabati. Alisalimia kwa Kiturkana, "ejok", kama mtu aliyezaliwa hapo, akamwita kila mtoto mjukuu wake.

Jumatano moja duka halikufunguliwa. Hetal alikuwa ameketi kando ya pipa, macho yamemvimba.

"Babu ametuacha alfajiri," alisema. "Kesho asubuhi tutamchoma, kule kando ya Turkwel."

Akiru alishtuka. "Kumchoma? Kwa moto?"

"Ndiyo. Sisi Wahindu tunaamini roho haifi. Mwili ni kama nguo iliyochakaa, na moto unaifungua roho iende zake. Baba ndiye atakayewasha kwa sababu yeye ni kifungua mimba. Halafu majivu tunayatia kwenye maji yanayotembea. Babu alituapisha tusimpeleke mbali. Alisema mto wake ni huu."

"Na serikali itakubali?"

"Baba ameenda kuchukua kibali kwa ofisi ya afya. Na kuni tumepewa na nyanya yako."

Hilo la kuni lilimshangaza Akiru zaidi. Nyanya yake, Apua, alikuwa na ekwar, ile sehemu ya miti kando ya mto ambayo ni ya ukoo, na hakuna aliyethubutu kuokota hata kijiti humo bila ruhusa yake. Mchana alimkuta nyanya humohumo akipanga magogo makavu ya mgunga, akichagua yaliyonyooka.

"Nimekunywa maji ya yule mzee miaka mingi," nyanya alisema bila kuinua kichwa. "Nitamnyima kuni?"

Jioni Akiru alikwenda kuteka maji kwenye kioski cha maji. Foleni ilikuwa ndefu, na kama kawaida wasichana wakubwa walimsukuma nyuma. Kwa kutaka tu kusikika, alisema, "Mnajua Mzee Jayanti atachomwa kesho mtoni?"

Wote waligeuka. Asekon, aliyekuwa mkubwa wao na ambaye hakuwahi kumsalimia hata siku moja, alimvuta mbele. "Achomwe kwa nini?"

Jibu Akiru alikuwa nalo. Hetal alikuwa amemweleza lote, la roho na la nguo. Lakini aliona jibu hilo ni dogo mno kwa macho mengi namna ile. Basi akatia chumvi. "Alikuwa na ugonjwa mbaya. Nilimsikia daktari kwa masikio yangu. Majivu yakiingia mtoni, mbuzi watakaokunywa watakufa."

Kina mama waliweka mitungi chini. Mmoja alishika kifua. Akiru alijazwa maji wa kwanza siku hiyo, akarudi nyumbani akiwa na furaha ya kijinga.

Asubuhi ya Alhamisi furaha hiyo ilimtoka yote. Njia ya kwenda mtoni ilikuwa imezibwa na watu. Vijana walikuwa na mawe mikononi. Hitesh, baba yake Hetal, alisimama mbele ya gari lililobeba mwili wa baba yake, amevaa nguo nyeupe, ameshika kibali.

"Hii hapa barua," alisema. "Ina muhuri. Baba alikufa kwa ugonjwa wa moyo, imeandikwa."

"Barua haiwezi kunywesha mbuzi zetu!" mtu alipiga kelele.

Chifu Lokuruka alifika akihema. Alisoma barua, akainua mkono. "Sheria inamruhusu. Katiba inasema kila mtu na dini yake. Sasa huu ugonjwa nani ameuona? Aliyeuona aseme."

Asekon alimtazama Akiru. Neno moja tu lilitakiwa, na Akiru alilijua. Lakini alirudi nyuma ya shuka la nyanya yake aliyesimama karibu, akajificha.

Jiwe la kwanza likagonga bati la gari. Chifu alimvuta Hitesh pembeni, akazungumza naye kwa sauti ya chini. Jua lilikuwa limeshapanda na mwili haungeweza kungoja watu watulie. Hitesh alikunja barua yake. Gari likageuzwa, likashika barabara ya kusini kwenda Kisumu, safari ya siku nzima, kwenye mahali pa kuchomea wafu pa jamii yake. Hetal alikuwa ameketi nyuma kando ya babu yake. Hakulia, aliutazama mto mpaka gari likapotea.

Magogo ya mgunga yalibaki pale yalipopangwa.

Siku mbili Akiru hakula vizuri. Ya tatu alimkuta nyanya ameketi mbele ya zile kuni, akapiga magoti. "Nyanya, ni mimi. Hakukuwa na ugonjwa. Nilisema uongo."

Alingoja kofi. Halikuja, na hilo lilimuumiza zaidi.

"Zamani," nyanya alisema, "watu wetu hawakuzikwa wote. Wenye maboma walizikwa, wengine waliachwa porini. Ndivyo tulivyojua. Wageni walipokuja walituita wanyama, na mama yangu alilia mbele yangu. Mimi nilifikiri hayo yamekwisha. Kumbe mjukuu wangu amemfanyia Hitesh yaleyale."

"Nifanye nini?"

"Ulisema mbele ya watu. Utasema tena mbele yao."

Jioni hiyo, kwenye kioski kilekile, chifu akiwa kando yake, Akiru alisema yote. Asekon alitazama chini. Mama aliyekuwa ameshika kifua siku ile alisema polepole, "Na sisi tuliamini bila kuuliza."

Hitesh na Hetal waliporudi walikuwa na chombo kidogo cha shaba chenye majivu ya mzee, kimefunikwa kwa kitambaa. Akiru alikwenda dukani na nyanya na chifu, akaungama. Hitesh alimsikiliza hadi mwisho.

"Baba aliniomba kitu kimoja tu maishani," alisema. "Kimoja." Kisha akaingia ndani.

Lakini kesho yake alitoka na chombo hicho, na safari hii njia ya mtoni haikuzibwa na mtu. Kina mama wa kioski walikuja wamevua viatu. Asekon pia alikuja. Hitesh alimimina majivu mtoni, na Turkwel ikayachukua taratibu.

Chifu Lokuruka alivua kofia. "Kosa si la mtoto peke yake," alisema. "Sheria ilikuwa mkononi mwangu, nami niliogopa mawe. Barua haiwezi kumlinda mtu kama sisi jirani zake tunaamini uvumi. Akiru, ukiijua kweli, iseme siku inapotakiwa. Ukiisema baadaye ni vizuri, lakini kuna vitu haitavirudisha."

Hetal alikuwa amesimama ukingoni. "Ulijua," alimwambia Akiru. "Nilikuwa nimekueleza yote."

"Nilijua," Akiru alisema. "Nisamehe."

Hetal aliendelea kuutazama mto, ila hakuondoka.

Tangu siku hiyo Akiru aliamka mapema, akalijaza lile pipa la verandani kabla ya shule. Asubuhi nyingine Hetal alimshikia mtungi, asubuhi nyingine alimpita kimya. Zile kuni nyanya hakuruhusu zipikiwe wala ziuzwe. Zilikaa kando ya mto hadi mchwa wakazila, na kila Akiru alipopita hapo alitembea polepole.