Mashine ya Tano

Bi Waya alihesabu mara tatu, kwa kidole, jina baada ya jina. Alikuwa ameunda mashine nne. Orodha kwenye skrini ilionyesha tano.

Mtaani walimwita Bi Waya kwa sababu alikuwa fundi wa mitandao, na mkoba wake haukukosa kipande cha waya. Alikuwa akijiandaa na mtihani ambao ungempandisha cheo kazini. Kwa kuwa ofisini hakuna anayekuachia mitambo uichezee, alinunua kompyuta kubwa kuukuu kutoka ofisi iliyofungwa, akaiweka stoo katikati ya magodoro na ndoo za rangi, akajenga mtandao wake mwenyewe. Ndani ya kompyuta ile moja aliunda nyingine zisizo na mwili, zinazoitwa mashine pepe. Moja ilikuwa lango, ya pili iligawa anwani, ya tatu ilihifadhi mafaili, na ya nne ilijifanya mtumiaji wa kawaida.

"Pepe au pepo?" mumewe alimuuliza siku ya kwanza.

"Pepe. Hazipo, lakini zinafanya kazi."

"Basi kaka yako ni kinyume chake. Yupo, ila hafanyi."

Walicheka sana siku hiyo. Mume huyo alikuwa fundi wa makochi, jina lake la mtaani Masofa, na karakana yake ilikuwa uani hapohapo nyumbani. Alikuwa mtu mwema na mkono wake mwepesi, lakini alikuwa na wivu. Mwenyewe aliuita mapenzi. Siku hizi wivu huo ulikuwa umempata mtu, mfanyakazi mwenzake Bi Waya aliyeitwa Mrefu. Mrefu alishafaulu mtihani ule, na kila jioni alimpigia Bi Waya kumwelekeza. Masofa akisikia mkewe anacheka nyuma ya mlango wa stoo, misumari uani iliingia kwenye mbao kwa pigo moja.

Mashine ya tano ilikuwa na jina, Mlinzi. Bi Waya alidhani aliiunda mwenyewe kwa uchovu akasahau. Akaifuta. Asubuhi yake ilikuwepo tena, imewaka, imejichukulia anwani ambayo hakuna aliyeipa. Akaifuta mara ya pili, na alipotoka kuchukua maji ya kunywa na kurudi, akaikuta.

Adhuhuri ya siku hiyo Masofa aliingia stoo kutafuta sponji, akasimama kizingitini. Chumba kilinuka marashi ya kiume, mazito, ya mtu aliyeoga akavaa vizuri.

"Nani alikuwa humu?" aliuliza.

"Mimi na ndoo zako."

"Nakuuliza kwa wema, mama."

"Na mimi nakujibu kwa wema."

Alizunguka magodoro, akainua moja baada ya jingine. Hakuona mtu. Ila alipoinama nyuma ya kompyuta alisikia mtu anajikohoza, taratibu, kama mgeni mwenye adabu anayetaka ujue yumo ndani kabla hujafungua mlango. Masofa alitoka bila sponji.

Jioni Mrefu alipiga simu, na Bi Waya hakusikia kitu. Aliita halo, halo, akakata. Kesho yake ofisini Mrefu alisimama mbele ya meza yake, midomo ikicheza, na hapakuwa na sauti. Wengine wote walimsikia, kwa sababu walimjibu. Jumamosi alikuja kaka yake Bi Waya, akaketi, akaongea nusu saa, na dada yake akabaki kumtazama meno. Muuza maji getini naye vivyo hivyo. Sauti za wanawake zilimfikia zote. Alikwenda hospitali, na daktari akamwambia masikio yake ni mazima. Ilibidi amwandikie kwenye karatasi, kwa kuwa daktari naye alikuwa mwanaume.

Sauti moja tu ya kiume ilikuwa imebaki, ya Masofa. Na Masofa, Mungu amsamehe, alifurahi. Alimhurumia mkewe, akamshika mkono, akamwambia yatapita, lakini ndani ya kifua chake kulikuwa na mtu mdogo aliyekuwa akipiga makofi.

Makofi hayo yalidumu siku nne. Siku ya tano, wakinywa chai ya asubuhi, Masofa aliomba sukari. Bi Waya aliendelea kupuliza kikombe chake.

"Sukari, mama."

Bi Waya aliinua macho. "Mbona umeninunia tangu tuamke? Nimekukosea nini?"

Masofa akajibu kwamba hajanuna, akarudia kwa sauti zaidi, akasimama akamshika mabega akasema jina lake la utotoni ambalo pale mtaani yeye peke yake alilijua, akalisema tena na tena mpaka majirani wakachungulia juu ya ukuta kuuliza kuna nini, kwani wao walimsikia vizuri, na mkewe akiwa mbele yake, karibu kiasi cha kupigwa na pumzi yake usoni, akawa anatazama midomo ile inavyofunguka na kufumbika, machozi yakimtoka, akisema polepole, "Na wewe pia? Na wewe pia, baba?" huku kule stoo, nyuma ya mlango uliofungwa, mtu akijikohoza.

Masofa alichukua karatasi amwandikie. Wino ulikauka kabla ya neno la kwanza. Penseli nayo ilivunjika kila ilipogusa karatasi.

Wakamwita Shangazi. Huyu alikuwa shangazi yake Bi Waya, mpokea simu wa hospitali kubwa kwa miaka thelathini, enzi za kuchomeka waya kwenye ubao. Kwenye laini zile alisikia wenye uhai na wasio na uhai, akajifunza kuzungumza nao wote. Tangu astaafu, watu walimtafuta nyumba zao zilipoharibika. Alifika na mkoba wake wa mkononi na miwani ya kusomea, akaomba kigoda, akaketi mbele ya kompyuta.

"Zima umeme," alinong'ona.

Bi Waya akachomoa waya ukutani. Feni ya kompyuta iliendelea kuzunguka. Taa yake ya kijani haikuzimika.

"Huyu hakuvamia," Shangazi alisema baada ya kusikiliza. "Huyu ameajiriwa, na anaifanya kazi yake kwa uaminifu. Ukimfuta wewe, mwanangu, atarudi, maana si wewe uliyemwita. Amwachishe kazi aliyemwajiri." Akageuza miwani. "Mkwe wangu, sema. Yeye hakusikii, mimi nakusikia. Nitaunganisha."

Masofa alitazama sakafu. Kisha akasema, na Shangazi akarudia kila neno kwa mpwa wake, kwa sauti tulivu ya mtu anayesoma namba.

"Anasema fundi simu wa barabarani alimwambia mashine ikiwa ndani ya mtandao inaweza kusikiliza yote yanayopita. Anasema ulipokuwa kazini aliingia hapa, akabonyeza pale alipokuona ukibonyeza, akanakili mashine yako moja, akaiita Mlinzi. Anasema alishindwa kusikia chochote. Akaandika kwenye lile dirisha jeusi unaloandikia amri."

"Aliandika nini?" Bi Waya aliuliza.

Masofa akasema. Shangazi akavua miwani, ndipo akaunganisha.

"'Mwanaume yeyote asizungumze na mke wangu.' Anasema ikamjibu, 'Nimekubali.' Akadhani ndivyo kompyuta zinavyojibu."

Bi Waya alimtazama mumewe kama anayepima umbali wa kutembea kwa miguu.

"Anasema anaona aibu," Shangazi aliendelea. "Anasema ulikuwa ukicheka na Mrefu kwa namna usiyocheka naye siku hizi."

"Ananisikia mwenyewe," Bi Waya alisema, akamgeukia mumewe. "Mrefu huniuliza swali, nikikosea ananicheka. Wewe hujawahi kuniuliza hata swali moja."

Shangazi alimwita Masofa kwenye kigoda. Masofa akaandika kwa kidole kimoja: Kazi yako imekwisha. Ondoka.

Dirisha jeusi likakaa tupu. Kisha maneno yakatokea, herufi moja moja: Wivu umekwisha?

"Usimdanganye," Shangazi alinong'ona. "Ila mjibu."

Jasho lilimtiririka Masofa mpaka kidevuni. Akaandika: Umekwisha.

Feni ilisimama. Marashi yakapungua, yakaisha. "Mama," Masofa alisema, kwa sauti iliyochakaa, na mkewe akageuka.

Bi Waya alimsamehe, si siku hiyo wala wiki hiyo. Alifaulu mtihani. Masofa alijifunza kumuuliza maswali, na baadhi ya majibu aliyaelewa. Mashine zilibaki nne.

Jioni moja simu ya mkewe iliita mezani, naye yuko uani anaanua nguo. Mrefu. Masofa aliitazama. Chini ya jina, mahali pasipokuwa na maandishi siku zote, palitokea neno moja dogo: Nimzuie?

Aliinyakua simu kama kaa la moto, akaipeleka uani, akampa mkewe. Skrini ilikuwa safi. Bi Waya akaipokea, akacheka, akaendelea kuongea. Masofa alirudi kwenye kochi lake, akaweka msumari, akainua nyundo. Ndipo alipotambua kwamba hakuwa amejibu hapana.