Plagi ya Njano

Kilichoibwa ni pasipoti moja. Televisheni ilikuwepo, pete zilikuwepo, hata kompyuta ilikuwa mezani, imefunguliwa kwenye fomu ya makazi ya kudumu.

Analyn Tumaliuan, Mfilipino anayehudumia wazee katika makao ya mji wa Tessler, alikaa kitandani na koti lake mwilini. Alimweleza Inspekta Darlene Kostiuk mara mbili, maana mara ya kwanza Inspekta hakuamini. Jimbo lilikuwa limempendekeza abaki nchini. Pendekezo hilo hudumu miezi sita, na mitano ilikwisha akisubiri cheti cha polisi kutoka Manila. Mwisho ulikuwa kesho. Fomu ilitaka nakala ya kila ukurasa wa pasipoti.

"Usipoituma?"

"Kibali changu cha kazi kinaisha siku hiyo hiyo. Narudi kwetu, Afande. Miaka mitatu nawaogeshea wazee wenu, halafu basi."

Kostiuk alishusha pumzi. Tessler ina watu mia sita na hakuna anayefunga mlango; jana mchana, Analyn akiwa zamu, yeyote angeweza kuingia. Alama za vidole hazikupatikana. Katika baridi ya nyuzi thelathini na tano chini ya sifuri kila mtu huvaa glavu, mwizi na askari.

Nje, kwenye soketi ya ukutani, aliona plagi ya njano yenye kipande cha waya uliokatika. Alikasirika kuliko alivyofurahi. Mwenyeji amekuja kuiba, akachomeka hita ya gari kwenye umeme kwanza ili injini isigande kwa baridi, kama alivyozoea tangu utotoni. Kisha akaondoka mbio bila kuchomoa.

Akatia kielelezo mfukoni, akaenda kwenye gereji pekee ya mji. Fundi alisema ni pikapu moja tu iliyoletwa asubuhi ile kubadilishwa waya. Kostiuk alilinganisha ncha mbili. Zilioana.

Pikapu ilikuwa ya Wendell Friesen, meneja wa makao ya wazee. Ndiye aliyeandika barua ya kumwombea Analyn kwa jimbo.

"Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Nilipita kwa Analyn kumsalimu."

"Alikuwa zamu. Zamu unazipanga wewe."

Mkono wa Friesen ulienda kifuani, juu ya koti.

"Iko wapi, Wendell? Usinichoshe."

Akaitoa kwenye mfuko wa ndani wa koti.

"Mhudumu wa kwanza tulimwombea, akapata karatasi, akahamia Toronto. Wa pili, Calgary. Wa tatu hata kuaga hakuaga. Akiondoka na huyu, makao yanafungwa, mama yangu anayeishi humo anapelekwa kilomita mia mbili. Mimi mama hanijui tena, Darlene. Anamjua Analyn." Akafuta pua. "Nilitaka muda upite tu, aanze upya, akae miaka miwili mingine."

"Umesaini karatasi za watu wanne, na hujawahi kuzisoma? Muda ungepita, angeondolewa nchini. Ungebaki na pasipoti."

Friesen alifunika uso kwa mikono.

Kwa utaratibu, pasipoti sasa ni kielelezo, haitoki kituoni mpaka Jumatatu. Kostiuk alilaani utaratibu, akatia sahihi yake ili inakiliwe, akawasha mashine ya nakala ya kituo. Analyn alikuwa akigeuza kurasa Friesen alipopitishwa akiwa na pingu. Friesen alisimama, akamwuliza kama angeondoka Tessler akipata karatasi.

"Juzi ungeniuliza, ningekuambia nabaki," alisema Analyn, macho kwenye mashine. "Hukuuliza."

Akageuza ukurasa.