Sikio la Uchochoroni

Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya maghorofa, na ngazi ilikuwa begani mwa fundi, pale simu yake ilipoita.

"Kaka Masikio, umefika?" Aliyeuliza ni mwenzake wa zamu, dada wa chumba cha mitambo, ambaye kazi yake ni kukodolea macho skrini mpaka zamu iishe.

"Ndiyo naingia uchochoroni. Nasafisha vumbi tu, narudi."

"Vumbi saa hizi? Wewe umezipenda hizo nguzo. Oa moja tujue." Akacheka, kisha akashusha sauti. "Yule mama bado yupo. Mama wa binti mshonaji. Amekaa hapa kwenye benchi tangu mchana. Anasema haondoki mpaka asikilizwe."

"Mwambie wakaguzi wanakuja kesho. Watamsikiliza wao."

"Nimemwambia. Kakohoa tu."

Fundi akakata simu.

Mtaa mzima ulimwita Masikio kwa ajili ya vile vidude vyeusi alivyovifunga juu ya nguzo za taa. Kidude kilisikiliza mchana na usiku. Kioo kikivunjika, gari likigonga, mtu akipiga yowe, kilituma taarifa na gari la doria likatoka mbio. Watu wengi walikuwa hai kwa sababu yake. Hilo hata adui yake asingelikataa. Ila kidude hakizaliwi na akili. Hufundishwa. Sauti ngeni ikiingia, Masikio aliisikiliza na kuipa jina, na tangu hapo kidude kilishika jina hilo wala hakikuuliza tena.

Uchochoro huu ulikuwa na paka. Walipigana, wakalia kama watoto wachanga, na gari la doria likatoka bure mara nyingi mpaka mkubwa wa kazi akachoka. "Habari za paka sitaki kuzisikia tena," alisema.

Basi jioni moja sauti iliingia kwenye simu yake kutoka hapa. Masikio alikuwa na sahani mkononi, na mpira kwenye runinga. Hakuisikiliza mpaka mwisho. Alibonyeza: paka.

Haikuwa paka. Yule binti mshonaji akapiga yowe tena. Na tena. Kidude kilisikia yote. Kikanyamaza, kama kilivyofundishwa.

Asubuhi alikutwa chini ya ukuta, amekufa.

Hakuna aliyejua isipokuwa Masikio. Lakini ile sauti ilikuwa bado imehifadhiwa ndani ya kidude, na jina alilolipachika likiwa juu yake. Wakaguzi wakiisikia, kazi imekwenda, na yeye anakwenda jela. Ndiyo maana ngazi. Ndiyo maana leo.

Aliiegemeza kwenye nguzo. Ikayumba.

"Nikushikie, mwanangu?"

Hakuwa amemwona. Mama mmoja, mtandio kichwani, amesimama penye kiza cha ukuta. Alinuka kitambaa kilichoungua kwa pasi. Akakohoa, kikohozi kikavu, mara mbili.

"Shikamoo, mama. Nishikie hapo chini, usiachie."

"Marahaba. Siachii."

Masikio akapanda. Taa ya nguzo ilikuwa haijawaka bado. Alifungua kidude, akaunganisha waya kwenye simu, akavaa spika za masikioni. Ilibidi asikilize, ili ajue ndiyo yenyewe.

Viatu. Viatu vya haraka haraka. Pumzi... Kisha lile yowe, refu, likipanda ukuta na kushuka. Na baada ya yowe, sehemu ambayo hakuwahi kuifikia, sauti ndogo iliyochoka:

"Hivi hakuna anayenisikia?"

Akaifuta.

Kimya.

"Yule mwanangu ulimpa jina gani?"

Sauti ilitoka chini. Ilinong'ona, lakini aliisikia ndani ya spika, karibu kuliko pumzi yake.

"Alikuwa na jina lake," mama aliendelea. "Nilimpa mwenyewe. Wewe ukampa jingine."

Harufu ya kuungua ikapanda ngazi. Masikio alitaka kusema, mama, sikukusudia. Alifungua mdomo.

Kilichotoka ni mlio mwembamba, wa kuvuta. Mlio wa paka.

Akaziba mdomo kwa kiganja. Akajaribu tena, polepole, kama mtoto anayejifunza kusoma. Mlio uleule. Akampigia dada wa mitambo.

"Haloo? Kaka? ...Haloo? Acha utoto basi, mtoe huyo paka."

Alipiga yowe kwa nguvu zote alizopewa. Kwenye kidude, taa ndogo ikawaka nyekundu. Kimesikia. Kimesikia, gari litakuja.

Taa ikapepesa.

Ikarudi kijani.

Ndani ya simu, nyuma ya dada, mtu akakohoa. Kikohozi kikavu. Mara mbili.

"Nani anakusumbua, binti yangu?"

"Simu ya fundi wetu, mama. Sisikii neno, kuna kitu kinalia tu."

"Mwache," ilisema sauti ndani ya simu, na sauti chini ya ngazi ikasema nayo, neno kwa neno. "Ni paka tu."

Masikio akatazama chini. Mikono miwili ilikuwa bado imeishika ngazi.

Mama hakuachia. Aliivuta.

Walimkuta asubuhi chini ya ukuta, palepale, mgongo umevunjika, macho wazi, hai. Wakaguzi walifungua kidude wakaikuta sauti ya binti imo, nzima, na jina lake la uongo juu. Dada wa mitambo aliapa mbele ya wote kwamba mama yule hakunyanyuka kwenye benchi jioni ile mpaka giza lilipotanda, ndipo akaaga, ametulia, akaenda zake. Kitu kimoja tu hakukisema kwa wakaguzi. Pale mama alipokuwa ameketi, mbao ilikuwa imeungua, na alama yake ilikuwa na umbo la pasi.

Sasa Masikio yuko wodini. Kila jioni, kiza kikianza kuingia, hugeuza macho upande wa mlango. Kuna mtu husimama pale, mtandio kichwani. Masikio hufungua mdomo, humwita muuguzi kwa nguvu zake zote.

Muuguzi huinuka. Hupita kitanda chake bila kugeuka na kwenda kufunga dirisha.

"Paka wa hapa," humwambia mwenzake, "hawachoki."