Deni Lenye Sauti ya Chini

Katika chumba kile cha kazi, hewa ilikuwa nyeupe. Sufi, ile pamba nyepesi ya mti wa msufi, ilielea kila mahali. Ukifungua mlango kwa pupa, inapaa. Ukipiga chafya, inapaa tena. Ikitua, inatua juu ya nywele, juu ya meza na ndani ya chai. Wenye chumba walikuwa wameshazoea chai yenye manyoya.

Walikuwa wanawake wawili, watengenezaji wa mito. Mmoja alishona, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Mwingine alichambua sufi na kuijaza mitoni. Huyu alikuwa dada wa mume wa Fundi. Fundi alimwita wifi, naye alimwita Fundi vivyo hivyo. Ukipita nje ungesikia "wifi, wifi" kutwa nzima, usijue nani anamwita nani. Sisi hapa tutamwita Wifi yule mjazaji, ili tusipotee.

Kazi hii ina usingizi wake. Sufi haina kishindo. Cherehani yao ya kukanyaga kwa miguu ilikuwa na mlio mmoja tu, wa kubembeleza. Jua likipenya dirishani, chumba kizima kiling'aa polepole, na wale wawili wakakaa muda mrefu bila kusema neno. Mikono ilifanya kazi. Mawazo yalikuwa mbali sana.

Siku moja mlango ulisukumwa kwa nguvu. Sufi yote ikapaa.

"Nataka hela yangu!" Sauti ilitikisa dirisha. Alikuwa muuza vitambaa. Jina lake la mtaani lilikuwa Radi, na hakuna aliyeuliza kwa nini. "Mnanifanya mimi mtoto? Leo kesho, leo kesho!"

"Karibu, kaka," alisema Fundi.

"Sikaribii! Nataka hela!"

Fundi alifungua mkebe wa biskuti. Hela zote zilikaa humo: za mauzo, za chakula cha nyumbani, na za wateja waliolipa mbele wakisubiri mito yao. Alichota noti kadhaa bila kuangalia.

"Pokea hizi, kaka. Jipoze."

Radi alipokea, akatoka huku bado anafoka. Sufi ilianza kushuka taratibu.

"Zile zilikuwa hela za nani?" aliuliza Wifi.

"Za jirani. Alilipia mito ya mama yake."

"Mito yake sasa tutaijaza nini?"

"Akija mwingine kuagiza, tutatumia hela zake kununua sufi."

"Na mito ya huyo mwingine?"

Fundi alikanyaga cherehani. Maswali ya namna hiyo yakizidi, alipenda kushona.

Adhuhuri aliingia mgeni wa pili. Huyu alibisha hodi kwa kidole kimoja. Alikuwa mzee mkopeshaji, na jina lake la mtaani lilikuwa Taratibu. Alifunga mlango kwa upole, hata unyoya mmoja haukupaa.

"Shikamoo, mzee," walisema wote wawili.

"Marahaba, wanangu. Watoto hawajambo?"

Walimpenda. Hakuwahi kuwapigia kelele. Walipokopa kwake elfu mia moja za kuanzisha kazi, alisema tu kwamba kila mwezi watamletea riba ya elfu kumi. Wakikosa, si neno, itaandikwa juu ya mkopo. Walitia saini karatasi yake, wakamshukuru, na baada ya hapo wakawa wanamsahau. Ungewezaje kukumbuka deni lisilosema kitu?

Siku ile Taratibu aliongeza neno, kwa sauti ile ile ya chini. "Miezi miwili hamjaniletea chochote. Wa tatu ukipita, nitakuja na mkokoteni."

"Mkokoteni wa nini, mzee?"

"Wa cherehani."

"Cherehani ipi?"

"Si mnayo moja tu? Mliiweka rehani, binti yangu. Imo kwenye karatasi."

Akaaga, akafunga mlango. Fundi aliweka mkono juu ya gurudumu la cherehani. Bila mashine ile hakuna mito, na bila mito nyumba mbili zitalala njaa.

Bado hawajavuta pumzi, jirani akaja. Alikuwa katibu wa chama cha akiba na mikopo, na alikuja kuchukua mito ya mama yake, mgonjwa wa mgongo. Aliwakuta wameacha kazi, nyuso zimewasawajika.

"Dada Katibu, mito haipo," alisema Fundi, machozi yakimlengalenga. "Hela yako nimempa Radi."

Katibu alikasirika, na hakuficha. "Mama yangu analalia nguo zilizokunjwa! Nilidhani mnachelewa kwa sababu ya wingi wa kazi."

"Tusamehe. Tunadaiwa kila upande, na sasa cherehani inachukuliwa."

Katibu alimeza hasira yake. Akavuta kigoda, akaketi. "Mnadaiwa na nani? Kiasi gani?"

Walitazamana. Fundi alitaja mmoja, Wifi akamkumbusha wa pili, wakabishana juu ya wa tatu.

"Ngojeni," alisema Katibu. Aliinama, akaokota vipande vya vitambaa sakafuni. "Hivi vya buluu viwe madeni ya kazi. Hivi vya maua viwe madeni ya nyumbani, ya kila mtu na nyumba yake. Deni kubwa, kata kitambaa kirefu. Deni dogo, kifupi. Vitandazeni mezani. Na mito ya mama yangu muiweke pia. Deni si hela peke yake."

Walikata. Radi alipata kitambaa cha buluu chenye urefu wa mkono. Ada ya shule ya mtoto wa Fundi ilipata kitambaa cha maua. Duka la vyakula nalo likapata chake.

"Sasa niambieni," alisema Katibu. "Msipolipa mwezi huu, lipi litakuwa kubwa zaidi mwezi ujao?"

"La Radi!" alisema Wifi.

"Linaongezeka?"

Wifi alifikiri. "Hapana. Ni lile lile tangu mwaka jana. Kinachoongezeka ni sauti yake."

"Na la Taratibu?"

Hapo Katibu alimpa Fundi sindano. "Kila mwezi mliokosa kulipa riba, ungia kipande."

Fundi aliunga cha kwanza, halafu cha pili. Halafu alikumbuka miezi ya mwaka jana, akaunga tena na tena. Kitambaa cha Taratibu kilifika ukingoni mwa meza, kikaanza kuning'inia. Waliona kwa macho yao jinsi kilivyokuwa kikikua wakati wao wamekaa kwenye jua, mawazo yako mbali.

Ndipo Wifi alipokata kitambaa kingine, cha maua. Alikiweka mezani bila kumtazama mtu.

"Hicho cha nani?" aliuliza Fundi.

"Cha Taratibu."

"Cha Taratibu si hiki kirefu?"

"Hiki ni changu binafsi." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kuna miezi sikuwa na nusu yangu ya riba. Nikakopa."

"Kwa nani?"

"Kwake."

"Wifi! Ulikopa kwa Taratibu ili umlipe Taratibu?"

"Alikuwa mpole," alisema Wifi. "Na sikutaka ujue nimeshindwa. Wewe ndiye uliyenitoa nyumbani nilipokuwa sina kazi."

Fundi alicheka kwanza. Hakuweza kujizuia. Halafu kicheko kikageuka kilio, akamkumbatia wifi yake, na wote wawili wakajaa manyoya.

Katibu aliwaacha wamalize. Kisha akasema, "Kosa lenu la kwanza ni huu mkebe mmoja. Tafuteni mitatu. Wa kwanza ni wa mali: hela ya sufi na vitambaa, pamoja na hela za wateja waliolipa mbele. Hela ya mteja si yenu mpaka mto uwe chini ya kichwa chake. Wa pili ni wa ujira. Kila mmoja wenu achukue kiasi kile kile kila mwezi, asiongeze. Madeni ya nyumbani mtayalipa kwa ujira wenu, si kwa hela ya kazi. Kinachobaki kiende mkebe wa tatu, wa madeni ya kazi."

"Tumlipe nani kwanza?" aliuliza Fundi.

"Kila mdai apate kidogo, kiasi mnachokiweza kweli. Lakini sehemu kubwa iende kwenye deni linalokua."

"Na Radi akija kufoka?"

"Mtajie kiasi na siku. Usimwahidi kikubwa ili aondoke tu. Siku ikifika, mpe kabla hajafungua mdomo."

"Kwa nini chama chenu kisitukopeshe tukamlipa mzee mara moja?" aliuliza Wifi.

"Riba yetu ni ndogo, ni kweli. Lakini leo mngekopa, na mkebe ungebaki ule ule mmoja. Anzeni kwa kujiunga na kuweka akiba kidogo. Hayo mengine tutazungumza baadaye." Akasimama. "Na mama yangu anasubiri."

Jioni mume wa Fundi alirudi kutoka kazini. Kazi yake ilikuwa kupaka nyumba rangi, na rangi ilimfuata hadi masikioni. Walimtandazia vitambaa vya maua. Alivitazama sana. Mwishoni alichukua kile cha ada, akakitia mfukoni.

"Hiki nitakilipa mimi. Mbona hamkuniambia?"

"Ungesemaje, kaka?" aliuliza Wifi.

"Ningenuna siku mbili. Halafu ningelipa."

Na kweli alinuna siku mbili.

Siku ya tatu, wale wanawake walipiga moyo konde, wakaenda nyumbani kwa Taratibu.

"Mzee," alisema Fundi, "cherehani ukiichukua utaiuza kwa bei ya chuma chakavu. Ikibaki kwetu, itakulipa deni lote. Kila mwezi tutakuletea riba na sehemu ya mkopo, kwa madeni yote mawili. Tunaomba mambo mawili tu. Utupe stakabadhi kila tunapolipa. Na riba ihesabiwe kwenye kile kilichobaki, si kwenye mkopo wa mwanzo."

Taratibu aliwatazama mmoja mmoja. "Nani amewafundisha?"

"Kitambaa," alisema Wifi.

Mzee hakuelewa, lakini alikubali. Mkokoteni nao una gharama zake.

Miezi ilianza kupita. Mito ya Katibu ilijazwa kwanza, kwa sufi waliyoinunua kutoka kwenye ujira wao wenyewe. Nyumbani walikula vitu vya bei rahisi. Radi alikuja siku ya ahadi, akavuta pumzi ya kufokea, na Fundi akamkabidhi bahasha mlangoni. Alihesabu noti zake, kisha akauliza kama watoto hawajambo.

Mwezi mmoja wa mvua sufi haikukauka na mauzo yakaanguka. Zamani wangejificha. Safari hii walimwendea mzee kabla ya siku yenyewe, wakamlipa riba peke yake, wakamwambia sababu. Mwezi uliofuata waliendelea na mpango wao. Kila walipolipa, Wifi alikata kipande cha kitambaa kile kirefu. Kikaacha kuning'inia, kikaishia mezani. Kikawa kiganja. Kikawa kidole.

Deni la Radi liliisha mapema. Siku ya malipo ya mwisho ya mkopo, Taratibu alikuja mwenyewe. Alihesabu, akaandika stakabadhi, akaketi vizuri kitini.

"Nawapongeza, wanangu. Sasa najua kuwa ninyi ni watu wa kuaminika." Sauti yake ilikuwa laini kama kawaida. "Wateja wenu wameongezeka. Wifi huyu naye anafaa kushona. Nikupeni elfu mia mbili mnunue cherehani ya pili? Hamna haraka ya kulipa. Mkipata, mtanipa."

Chumba kilijaa mwanga wa alasiri. Sufi ilielea katikati yao. Fundi alimtazama wifi yake. Aliona jinsi macho yake yalivyokwenda pembeni mwa dirisha, mahali ambapo mashine ya pili ingekaa vizuri kabisa. Alijua anaitamani. Hata yeye aliitamani.

Wifi akanyoosha mkono.

"Tunaomba karatasi yetu, mzee."

Taratibu aliitoa mfukoni, akamkabidhi, akaaga. Mlango ulifungwa kwa upole. Wifi aliisoma karatasi yote, neno kwa neno, kidole chini ya mstari. Hakuwahi kuisoma kabla. Alipomaliza, aliichana vipande vidogo.

"Ulikuwa unaitaka ile mashine?" aliuliza Fundi.

"Sana, wifi. Sana mno."

"Tutainunua."

"Lini?"

Fundi alichungulia mkebe wa tatu. Ulikuwa mtupu, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na mdai wa kuja kuuliza hela zake.

"Sijui," alisema. "Tuanze leo."

Wifi alitia noti moja ndani, akafunga mkebe, akarudi kwenye sufi yake.