Maji ya Ukumbini

Kila siku kabla jua halijachomoza, kengele ya chuo ilipigwa mara tatu, na Kabibi akaamka bila kuitwa. Baba yake, Mzee Dena, alikuwa mpishi mkuu wa Chuo Kikuu cha Kikristo cha Mwangaza, juu ya kilima kimoja si mbali na Mnarani. Walikaa wawili tu katika nyumba ya wafanyakazi nyuma ya jiko, kwa kuwa mama yake alikuwa Vitengeni akimuuguza nyanya. Kabibi alifagia uani, akanywa chai, akasikiliza ibada ya asubuhi kutoka benchi la nyuma, kisha akateremka kilima kwenda shuleni. Alikuwa darasa la sita.

Chuo kilikuwa kidogo. Wanafunzi hawakufika mia moja, na walitoka kila pembe ya nchi. Walimu na wanafunzi walikula katika bwalo moja, walilima shamba moja la mihogo, na mmoja akifiwa, wote walilia naye. Jumatano na Ijumaa jioni waliopenda walikusanyika ukumbini kwa ushirika, wakaimba, wakatoa ushuhuda na kuombeana. Kabibi alizipenda jioni hizo kuliko kitu kingine chochote.

Mwaka huo, 1984, mvua za masika zilikosa. Mabomba yalikauka na matangi yakabaki matupu. Chuo kikaanza kuteka maji ya kisima cha bondeni, ambacho wanakijiji wa chini ya kilima walikitumia miaka yote. Punda alipanda na madebe asubuhi na alasiri. Mzee Dena hakuyaamini maji hayo. Ya kunywa bwaloni aliyachemsha mwenyewe. Ya mtungi wa ukumbini, waliyokunywa watu wa ushirika, alimwachia Kabibi, na akamwonyesha kazi yote: ayachemshe hadi yatokote sana, ayaache yapoe, ayachuje kwa kitambaa safi, ndipo ayamimine mtungini.

Kabibi aliifanya kazi hiyo vizuri kwa wiki kadhaa. Kisha kwaya ya chuo ikaanza kujiandaa kwa mahafali. Kiongozi wake alikuwa Wanjira, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho kutoka Nyeri, msichana mcheshi aliyeongea na wapishi kama alivyoongea na maprofesa. Siku moja alimsikia Kabibi akiimba huku akiosha masufuria, akamwambia aje aimbe sauti ya kwanza pamoja nao. Usiku huo Kabibi hakupata usingizi kwa furaha.

Tabu ilikuwa saa. Mazoezi yalianza saa kumi, na maji yalihitaji zaidi ya saa moja kuchemka na kupoa. Mara ya kwanza Kabibi alichelewa, akakuta wimbo umeshafika katikati. Mara ya pili aliyatazama maji kwenye debe. Yalikuwa meupe, hayana hata takataka. Akayachuja kwa kitambaa, akayamimina mtungini, akakimbilia mazoezini. Jioni watu walikunywa na hakuna aliyelalamika. Tangu siku hiyo hakuwasha jiko tena kwa ajili ya maji ya ukumbini. Hali hiyo iliendelea kwa mwezi mzima.

Wanjira ndiye aliyeugua kwanza. Aliumwa kichwa, akashikwa na homa isiyoshuka, akashindwa kula. Muuguzi wa chuo alidhani ni malaria, akampa vidonge. Havikusaidia. Katika wiki moja wagonjwa wakawa wanne, kisha tisa. Wanjira alipoanza kuweweseka, walimlaza nyuma ya Land Rover ya chuo, wakavuka na feri hadi hospitali ya Kilifi. Daktari alimpima, akasema ni homa ya matumbo. Alieleza kwamba ugonjwa huo huletwa na chakula au kinywaji kilichoingiwa na uchafu, na akaagiza chuo kitafute chanzo upesi.

Afisa wa afya alifika siku iliyofuata. Akauliza wagonjwa wale walikula na kunywa nini. Chakula cha bwaloni kililiwa na wote, na wengi walikuwa wazima. Mtu mmoja akakumbuka kwamba wagonjwa karibu wote walikuwa wakinunua maziwa lala ya Bi Mishi.

Bi Mishi alikuwa mjane wa kijiji cha chini ya kilima, Mwislamu mwenye umri wa kutosha kuwa bibi wa wanafunzi. Kwa miaka kumi alikuwa akileta maziwa langoni kila asubuhi. Sasa macho yote yalimgeukia.

Afisa aliuliza pia kuhusu maji. Mzee Dena alijibu kwa sauti ya mtu asiye na shaka kwamba maji yote ya kunywa hapo chuoni huchemshwa. Kabibi alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, ameshika bakuli. Alipiga hatua moja kutaka kusema, akarudi nyuma. Alifikiria baba yake akifukuzwa kazi, na kwaya yote ikimtazama. Afisa akaandika jibu la mpishi katika daftari lake, wala hakwenda kukitazama kisima.

Asubuhi yake Bi Mishi aliambiwa asikanyage tena chuoni. Alisimama kidogo na chombo chake cha maziwa, akauliza amekosa nini, na mlinzi akafunga lango. Wanafunzi wachache walinong'ona kwamba haishangazi, kwa kuwa yule si mwenzao wa imani. Wanjira angekuwapo angewakemea, lakini Wanjira alikuwa kitandani upande wa pili wa maji, hajitambui.

Mkuu wa chuo, Mchungaji Menza, akatangaza siku tatu za kufunga na kuomba. Ukumbi ulijaa. Mwanafunzi mmoja aliomba huku analia, akimsihi Mungu afunue ugonjwa ulikotoka. Kabibi alifumba macho kwa nguvu. Siku hizo alikuwa akichemsha maji ya mtungi mara mbili, akidhani kufanya hivyo kutamtuliza. Hakukumtuliza. Chakula kilimshinda, na alipoambiwa aongoze ubeti alisema koo linamuuma.

Siku ya nne, akienda shuleni, alipita mbele ya nyumba ya Bi Mishi. Mama huyo alikuwa ameketi barazani, amempakata mjukuu wake Chiku, mtoto wa miaka minne. Mtoto alikuwa amelegea kama kitambaa kilicholowa. Kabibi alisimama, akaamkia.

"Shikamoo, Bi Mishi."

"Marahaba, mwanangu. Umeona mjukuu wangu? Homa siku ya tano leo."

Kabibi aliligusa paji la mtoto. Bi Mishi aliendelea taratibu, kama mtu anayejisemea mwenyewe. "Jana nimesikia wanasema huko juu, 'Mnaona, hata kwake kuna ugonjwa, ndiyo maziwa yake hayo.' Na huyu Chiku maziwa hanywi kabisa. Tangu mdogo yakimgusa ulimi anatapika. Lakini nani atanisikiliza mimi?"

Akachukua kikombe, akateka maji ndooni, akamwekea mtoto mdomoni. Yalikuwa maji ya kisima.

Hapo Kabibi akaelewa. Watu wote walikuwa wakiyachunguza maziwa, na kisima hakuna aliyekijali, kwa sababu yeye alikuwa amenyamaza. Alimwomba Bi Mishi asimpe mtoto maji yale mpaka ayachemshe. Bi Mishi alimtazama usoni, akamuuliza kwa nini. Kabibi aligeuka, akapanda kilima mbio, shule akaisahau.

Alimkuta baba yake peke yake jikoni akichambua mchele, akamweleza yote, kuanzia siku ya kwanza. Kabibi alipomaliza, Mzee Dena aliiweka sinia ya mchele chini.

"Umemwambia mtu mwingine?"

"Hapana, baba."

"Basi nyamaza. Wagonjwa wanatibiwa, na maji unayachemsha sasa. Tukisema, mimi sina kazi, nawe huna karo."

Kabibi alilia, lakini hakunyamaza. "Chiku wa Bi Mishi anayanywa sasa hivi, baba. Kijiji kizima kinayanywa."

Mzee Dena akasema jambo ambalo Kabibi hakulitegemea. Alisema aliona mapema kwamba gunia la makaa lilikuwa halishuki kama zamani. Aliona, akafurahi kuwa makaa yanabaki, wala hakuuliza. Alipomjibu afisa siku ile, moyo wake ulimsuta kidogo, naye akaupuuza. Akavua aproni yake, akanawa mikono, akamwambia binti yake wafuatane.

Mchungaji Menza aliwasikiliza akiwa amesimama. Hakufoka. Aliuliza tu ni wiki ngapi, kisha akatoka. Katika saa ile ile alituma watu wakazuie kisima kwa matawi ya miiba, akatuma gari limpeleke Chiku hospitalini, akampigia simu afisa wa afya. Kabibi na baba yake waliachwa ofisini.

Maji ya kisima yalipimwa, yakaonekana yana uchafu wa choo. Afisa aliikagua ile ardhi ya juu yake, akakiona chanzo. Chuo kilikuwa kinajenga bweni jipya. Mafundi walikuwa wamechimbiwa choo cha muda, hatua chache juu ya kisima, na maji machafu yalikuwa yakipenya udongoni hadi chini. Aliyechagua mahali pale ni chuo chenyewe.

Maziwa ya Bi Mishi yalikuwa safi.

Chiku alitibiwa, akapona baada ya wiki mbili. Wagonjwa wengine nao walipona mmoja mmoja. Wanjira alitoka hospitalini amekonda, nywele zimemnyonyoka, hawezi kupanda ngazi bila kushikwa. Alirudishwa kwao Nyeri kupumzika, na mahafali yakafanyika bila yeye. Kabla hajaondoka Kabibi alikwenda kumwomba radhi. Wanjira alimshika mkono, akamwambia amemsamehe, kisha akaugeuza uso ukutani kwa kuwa alikuwa anachoka. Kabibi alitoka nje akalia. Kusamehewa hakukumrudishia Wanjira mwaka wake.

Mzee Dena alipewa barua ya onyo, akabakizwa kazini. Choo kilifukiwa, na chuo kikachimba kisima kipya mbali, kwa matumizi ya chuo na ya kijiji.

Jumapili moja baada ya ibada, Mchungaji Menza aliwaongoza walimu na wanafunzi wote kuteremka hadi kwa Bi Mishi. Walijaa uani mpaka njiani. Mchungaji alivua kofia, akamwomba msamaha mbele ya majirani, kwa maziwa yaliyosingiziwa na kwa kisima kilichoharibiwa. Kisha Kabibi akasogea, akapiga magoti, akasema kwa mdomo wake mwenyewe alichokifanya na siku alizonyamaza.

Bi Mishi alimwinua. "Ulichelewa, mwanangu, lakini umekuja," alisema. Halafu akawageukia wakubwa. "Nimewasamehe nyote. Ila miaka kumi mlikunywa maziwa yangu, na neno la siku moja likatosha kunifukuza. Hilo ni zito kwangu."

Mchungaji Menza aliitikia kwa kichwa, kisha akawaambia wanafunzi wake:

"Tulifunga siku tatu tukimwomba Mungu atuonyeshe ugonjwa umetoka wapi. Mtoto huyu alikuwa anajua. Baba yake alikuwa anashuku. Na sisi tuliobaki hatukutaka kuuliza sana, kwa kuwa ilikuwa rahisi kumlaumu jirani asiyesali nasi. Mtu anayemwomba Mungu amwonyeshe kweli, aanze kwa kuisema ile kweli aliyo nayo mwenyewe, mapema, kabla mwingine hajaumia. Na kazi uliyoaminiwa, hata iwe ya mtungi mmoja wa maji, ifanye kana kwamba uhai wa watu umo mikononi mwako. Kwa sababu mara nyingi ndimo ulimo."

Bi Mishi aliitikia amina, na uani mzima ukaitikia naye.