Njia Iliyokatazwa Ziwani Ndolu

Vital alikuwa amelala kifudifudi juu ya mawe meusi, mguu mmoja ndani ya maji, panga lake limelazwa kiganjani. Waliomkuta ni vijana wa Bunia, wa mitaa ya Saio na Rwambuzi, waliokuja kutembea kando ya Ziwa Ndolu kama walivyozoea kila Jumamosi. Walikuja kuona maji ya kijani na chemchemi za moto. Wakamkuta kiongozi wa matembezi yao amekufa.

Inspekta Dorothée wa polisi ya upelelezi alifika mchana, amejaa vumbi la barabara ya Bule. Pamoja naye alikuwa msaidizi wake Blanchard, polisi mnene mwenye maneno machache.

Ndolu ni ziwa la shimo. Watu wa huko husimulia kwamba zamani mlima ulitapika moto hadi ukapasuka kileleni, kisha mvua ikakijaza kinywa chake. Upande mmoja wanakaa wafugaji, ng'ambo wanakaa wakulima. Na ilikuwa ile miaka ambayo bunduki zilikuwa zimenyamaza Ituri, ila kila mtu alijua jirani yake amezifukia wapi.

Dorothée alichuchumaa kando ya maiti. Jeraha lilikuwa kisogoni, dogo, la duara. Juu yao genge la mwamba lilisimama wima kama ukuta, na watu walikuwa wamekwisha kusema kwamba ameanguka. Lakini anayeanguka kutoka gengeni huchubuka mikono na uso, na ngozi ya Vital ilikuwa safi. Damu juu ya mawe haikutosha hata kulowanisha kitambaa. Na lile panga hakulishika, aliwekewa.

"Hakufia hapa," alimwambia Blanchard kwa sauti ya chini. "Aliletwa."

Neno lile halikukaa siri. Mara akaja Muzee Ézéchiel, mkubwa wa kijiji cha wafugaji, kijiji cha Vital, mtu wa kuongoza sala na kuamua kesi, anatembea polepole kwa fimbo. Nyuma yake vijana walibeba kafi la mtumbwi lenye damu. Walilipata, walisema, ndani ya mtumbwi wa Orly.

Orly alikuwa mtoto wa ng'ambo. Yeye na Vital walifanya kazi pamoja: Vital aliwatembeza wageni kwa miguu, Orly akawarudisha kwa mtumbwi. Wawili hao walikuwa wamekula kiapo kwamba mgeni yeyote wa Ndolu ataonja pande zote mbili.

"Nani aligusa hili kafi?" Dorothée aliuliza.

"Bijana."

"Mbele yako?"

"Mbele yangu."

"Juu ya nini hamukuliacha mahali lilikuwa?"

Mzee alitabasamu kwa huruma. "Mama Inspekta, weye ni mutoto yetu. Baba yako alichunga ngombe hapa karibu. Bale batu ya ng'ambo, unabajua."

Orly alikuwa ameketishwa chini, mikono imefungwa kwa kamba, mdomo umevimba. Dorothée aliikata kamba, akamwingiza ndani ya jeep. Vijana wakalizunguka gari. Mmoja alikuwa na fimbo, wengine mawe. Dorothée alisimama mlangoni, mikono mitupu.

"Mwenye anamutaka," alisema, "apite kwanza juu yangu."

Hakuna aliyepita.

Jumapili, Bunia, alimhoji Orly ofisini.

"Mliachana wapi?"

"Ku chemchemi. Mimi nilivuka na mutumbwi. Yeye alibaki kukata njia."

"Njia gani?"

"Ya kuzunguka ziwa yote. Ilibaki kipande kidogo, chini ya genge. Muzee alikataza. Alisema kule ni mwiko."

"Na damu kwenye kafi?"

Orly aliinua macho. "Kafi linalala mu mutumbwi. Mutumbwi yangu haina mulango, mama."

Saa chache baadaye Daktari Suzanne, aliyepasua maiti, alimweleza alichokiona. Jeraha lilifanywa na kitu kizito chenye kichwa cha mviringo. Ukingo wa kafi usingeweza kuacha alama kama ile. Na damu ya kafi ilikuwa imepakwa. Damu ya pigo huruka, huacha matone; hii ilivutwa kama mtu anayesiriba ukuta.

Jioni hiyo wakubwa watatu wa jamii yake mwenyewe walimfuata nyumbani. Walikunywa chai, wakauliza habari za watoto, kisha wakafika walipokuwa wanakwenda. Jina la Orly linatosha, walisema. Aliandike, afunge faili, watu walale. Akichokora zaidi atawavua nguo ndugu zake mbele ya adui. Mmoja alimkumbusha tena kwamba yeye ni mtoto wao.

"Mimi ni mutoto yenu," Dorothée alijibu. "Lakini sheria haiko mutoto ya mutu."

Wakaondoka bila kumaliza chai.

Kesho yake alirudi Ndolu, akaingia msibani. Elodie, mjane wa Vital, alikuwa kwenye mkeka, kitambaa cheusi kichwani, macho makavu. Dorothée alikaa chini naye muda mrefu kabla ya kuuliza. Elodie alisema mume wake alirudi Ijumaa jioni kutoka kukata njia, hakula. Alisema tu kwamba kuna jambo ambalo lazima amwambie Muzee Ézéchiel kwanza, kwa heshima, kabla ya kuwapitisha wageni. Akaenda. Hakurudi.

"Ule mwiko wa chini ya genge," Dorothée aliuliza, "ulianza lini?"

Elodie alifikiri. Ilikuwa kama hajawahi kuulizwa.

"Nilipokuwa mudogo haukukuwa. Bibi yangu alikuwa anachemusha ndizi kule, mu maji ya moto. Mwiko ulikuja nyuma ya vita."

"Na bibi?"

"Balimubeba mu vita, batu ya ng'ambo. Yeye na wengine wengi. Kila mwaka tunabafanyia misa."

"Nani aliona wakibebwa?"

"Muzee Ézéchiel." Elodie alikaza kitambaa kichwani. "Ni yeye peke yake aliona."

Dorothée alisimama, akaomba panga la nyumba ile. Mchana kweupe, mbele ya kijiji kizima, alivua koti, akaanza kukata kichaka pale Vital alipoachia. Blanchard alikata kando yake, jasho likimtiririka. Watu walikuja kutazama, wakasimama kando. Wengine walinung'unika kwamba huyu mwanamke analeta laana. Elodie alitoka msibani, akawafuata nyuma kwa nyuma akiyaondoa matawi.

Walipokaribia chemchemi za chini ya genge, mvuke wa maji moto ukiwapiga usoni, Ézéchiel alijitokeza, akasimama katikati ya njia.

"Ukipita hapa, mababu watakasirika."

"Bakasirike na mimi."

"Hauna heshima."

Dorothée alikuwa anaitazama fimbo yake. Ilikuwa ya mti mbichi, imemenywa juzi, bado ina utomvu.

"Fimbo yako iko mupya, muzee. Ile ya kichwa cha shaba, kila mutu anaijua. Iko wapi?"

"Ilipotea."

"Siku gani?"

Mzee aliivuta fimbo mpya karibu na mwili. Wale vijana waliokuwa na mawe Jumamosi walitazamana. Dorothée alimpitia pembeni, akakata kichaka cha mwisho.

Nyuma yake kulikuwa na rundo la mawe lililoziba mdomo wa pango. Mawe ya chini yalikuwa na kuvu ya miaka. Ya juu yalikuwa makavu, yameguswa karibuni. Blanchard aliyatoa moja moja hadi mtu aweze kuingia, kisha akawasha tochi.

Karibu na mlango, ardhi ilikuwa imelowa damu iliyokauka. Ndani ya ufa wa mwamba, imesukumizwa kwa nguvu, ilikuwemo fimbo ya kichwa cha shaba, na kwenye shaba, nywele. Mbele zaidi tochi iliangukia vitu vingine. Sufuria. Ndala za plastiki, kubwa na ndogo. Rozari. Na mifupa mingi, imelaliana.

Elodie aliingia kabla hawajamzuia. Aliiokota sufuria moja yenye mshikio uliofungwa waya, akatoka nayo nje, akaiweka miguuni pa Ézéchiel.

"Hii ni ya bibi," alisema.

Waswahili husema njia ya mwongo ni fupi. Ya Ézéchiel ilikuwa imerefushwa na woga wa watu kwa miaka mingi, lakini hapo ndipo ilipoishia. Alijaribu kuegemea ile fimbo mpya, ikamteleza mkononi, akakaa chini.

"Vital alikuja kwako," Dorothée alisema.

"Alikuja."

"Alisema nini?"

"Ya kama ameona mifupa. Ya kama njia itapita pale pale na mulango utafunguliwa. Nilimuleta hapa kwa kupita kando ya maji, nikamupigia magoti. Alikataa."

"Ulimuomba juu ya nini? Si ulisema ni batu ya ng'ambo balibabeba?"

Maji ya moto yalichemka kando yao. Mzee aliitazama sufuria iliyokuwa miguuni pake.

"Haikukuwa bale batu," alisema. "Ilikuwa siye."

Kisha akasema yote, bila kuinua kichwa. Wakati wa vita, majirani wa pande zote mbili waliokataa kuachana walijificha pamoja ndani ya pango lile. Walipika pamoja kwenye chemchemi. Yeye alijua, na ndiye aliyewapelekea chumvi. Siku moja wapiganaji wa upande wake walimjia, wakamwambia awaonyeshe adui. Akawaonyesha.

"Nilifikiri batabatenganisha," alisema. "Betu batoke, bale babaki. Balisema mwenye analala na adui ni adui."

Aliliziba pango kwa mikono yake, akarudi kijijini, akasema watu wa ng'ambo wamewachukua. Usiku ule ule vijana walivuka ziwa na mienge. Nyumba ya baba yake Orly iliungua pamoja na nyumba nyingine za ng'ambo.

"Na Vital?"

"Aligeuka aende. Nikamupiga. Nikamuvuta juu ya ngozi ya ngombe mpaka ku maji."

"Na kafi?"

Mzee alifuta uso kwa kiganja. "Tuliisha kubasingizia kitu kikubwa. Nikasema, hii ndogo haitabaongezea uzito."

Mwanamke mmoja katika umati alianza kulia. Vijana wale waliotaka damu ya Orly walikuwa wakitazama chini. Blanchard alimfunga mzee pingu, akamwinua kwa upole.

"Ukiandika hii," Ézéchiel alimwambia Dorothée, "vita itarudi."

"Vita imekula uongo wako miaka hii yote, muzee. Mimi sitaipikia."

Aliandika, kila neno, akatia sahihi. Orly alitoka siku hiyo hiyo.

Haikuishia hapo, kwa sababu wakubwa hawakosi neno. Walituma ujumbe kwamba mifupa itenganishwe, kila upande uzike wake. Daktari Suzanne aliwaambia haiwezekani. Wakasema basi ifanyike kwa kukisia. Ujumbe ulipomfikia Elodie, aliujibu mwenyewe, mbele ya polisi na mapadri.

"Balikufa juu ya kukataa kuachana," alisema. "Leo mimi nibaachanishe?"

Kaburi moja lilichimbwa kando ya njia mpya, pale inapopinda kuelekea maji. Wakubwa hawakuja. Vijana wa Saio na Rwambuzi walikuja na viatu vyao vya matembezi, wakapokezana majeneza. Orly aliwavusha watu wake kwa mtumbwi, safari baada ya safari, hadi mikono ikamfa ganzi.

Mikeka haikutosha. Mama yake Orly alitafuta mahali pa kukaa, akaona nafasi moja tu, kando ya mama yake Vital. Wanawake wale wawili walikuwa hawajasemezana tangu vita. Alisimama kidogo, watu wote wakimtazama. Mama yake Vital alivuta kanga yake, akasogea.

Wakakaa hapo hadi udongo wa mwisho ulipotiwa, na hakuna kati yao aliyeinuka wa kwanza.